Ulimi wa Mpira

Mabomba manane yalitumbukia kisimani Jumanne asubuhi, na mngurumo wake ulisikika hadi kanisani. Haukuwa mlio wa chuma kugonga chuma. Ulikuwa mguno mzito uliotoka chini ya ardhi, kama wa mtu mzima aliyeanguka na kujikaza asilie. Loisi alikuwa mlangoni akibangua karanga za mbegu. Alipoinua uso alimwona mumewe, Mazengo, amesimama hatua nne kutoka kwenye mdomo wa kisima, mikono mitupu, uso kaugeuzia ukuta. Kamba aliyokuwa ameishika ilikuwa imekwenda na mabomba.

Njiani alisimama mama yake Loisi, Bibi Penina, na ndoo kichwani.

Loisi aliwaona wote wawili kwa mtupo mmoja wa macho, akaelewa. Mazengo ndiye aliyekuwa mtunza pampu ya kijiji pale Nzuguni, na siku hiyo alikuwa akitoa mabomba ili abadilishe ngozi ya pampu iliyochakaa. Manne yalikwishatoka. Manane yaliyobaki, yaliyoungana kichwa kwa mkia, yalikuwa yananing'inia kwa kamba aliyoizungusha kwenye nguzo, maana msaidizi wake alikuwa amekwenda kunywa uji na kibanio cha chuma kilikuwa bado hakijakazwa. Ndipo mama mkwe akachomoza kwenye kona ya nyumba. Kwao mwanamume hasimami njiani mwa mkwewe, wala hamtazami usoni, humpisha. Kwa miaka kumi na minane miguu ya Mazengo ilikuwa ikimpisha Bibi Penina bila kukiuliza kichwa. Siku hiyo nayo ikampisha.

Kabla ya adhuhuri kisima kilizungukwa na watu. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Castory, alikuja na shati lake jeupe la mikutano, akainama, akachungulia shimoni kana kwamba mabomba yangemwona yakatoka.

"Mazengo, ulikunywa nini asubuhi?"

"Uji, mwenyekiti."

"Uji wa mtama au wa chupa?"

Watu wakacheka. Mazengo alitazama vidole vyake vilivyochunwa na kamba.

"Sikilizeni," Castory akawageukia watu. "Wafadhili wamefunga mizigo yao. Serikali nayo imesema wazi, kila kijiji kijitegemee. Hakuna tena gari la kutuletea bomba jipya kama zamani. Na kisima chenye chuma ndani ni shimo tu. Sasa, nyumba hii ya bati ilijengwa na mradi kwa ajili ya mtunza pampu. Pampu haipo. Mtunza atatunza nini?"

"Tunaomba muda, mwenyekiti," alisema Loisi.

"Hadi Jumamosi saa sita mchana. Mabomba yakiwa juu, mtakaa. Yakiwa chini, mtatoka. Na funguo nipeni leo."

Mazengo alifungua kamba shingoni mwake, akautoa ufunguo wa kibanda cha pampu. Aliutoa kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka, na hilo ndilo lililomuuma Loisi kuliko maneno yote.

Jioni, jua likiwa bado juu ya vilima, Bibi Penina alikuja akaketi nyuma ya jiko, mgongo kaupa ukuta. Upande wa pili wa ukuta huohuo, Mazengo alikuwa akijaribu kukunja nondo iwe ndoano. Kati yao hapakuwa na hata pima moja. Loisi alisimama kwenye pembe, mahali ambapo wote wawili walimwona bila wao kuonana.

"Loisi, mwambie mkwe wangu kesho nitakwenda mwenyewe kwa mwenyekiti. Nitamweleza kilichotokea."

"Mama Evodia," Mazengo alisema, "mwambie mama asiende."

"Anasema usiende, mama."

"Nimemsikia, sina uziwi. Muulize kwa nini."

"Anauliza kwa nini."

"Mwambie watu watamfanya wimbo. Kila atakakopita watasema, huyo ndiye bibi aliyekausha kijiji. Mimi wakiniita mlevi nitazoea. Yeye ni mzee wa kanisa."

"Mwambie mlevi hapewi nyumba," alisema Bibi Penina.

"Mwambie nitayatoa mabomba."

"Muulize kwa nondo hiyo?"

Loisi alijikuta anacheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Maana kwa nondo ile Mazengo alikuwa amejaribu kuyavua mabomba tangu mchana. Alipokimulika kisima kwa kioo, akilirusha jua hadi chini, kichwa cha bomba kilionekana vizuri, pima kumi na mbili kwenda chini, kimeegemea ukuta wa kisima. Lakini nondo ilikuwa ngumu. Iligonga, ikateleza, haikuweza kupenya nyuma ya bomba. Jambo lile lilihitaji kitu kinachojua kupinda.

Aliyeleta habari ya kitu kinachopinda alikuwa jirani yao, Mwanahawa, alipokuja kurudisha ungo.

"Shemeji yangu ni mlinzi kwenye karakana moja mjini, pale wanapotengeneza mitambo ya kuchimbia visima. Anasema kuna kijana kafuga mkonga wa tembo ndani ya pipa."

"Mkonga bila tembo?"

"Bila tembo, Mama Evodia. Na unatembea! Mimi nilimwambia aache bangi. Lakini kaapa."

Usiku huo Loisi alipiga magoti kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Hakuomba muujiza. Aliomba aonyeshwe mlango tu, kugonga atagonga mwenyewe.

Jumatano Loisi alikwenda mjini. Karakana ilikuwa na karani aitwaye Aneth, kucha zake nyekundu, feni ikimpepea. Alimtazama Loisi kuanzia vumbi la miguu, akaishia hapohapo.

"Mama, usikanyage zulia. Sema ukiwa hapo hapo."

Loisi akasema akiwa hapo hapo.

"Siku hizi huduma ya bure hakuna. Unanunua fomu, mwenyekiti wa kijiji anagonga muhuri, unasubiri wiki tatu."

"Wiki tatu nitakuwa nimelala nje, mwanangu."

"Sasa hayo mabomba niliangusha mimi?"

Loisi aliomba radhi, ingawa hakujua kosa lake, akatoka kwenda kuketi barazani. Na hapo, uani, kando ya gari dogo lililopasuka kioo, akakiona.

Kilikuwa kinatoka kwenye pipa la maji. Kilikuwa cheusi, kinene kama paja la mtu kwenye shina, chembamba kama kidole cha mtoto kwenye ncha, na urefu wake ulipita wa mwanamume. Kilijiinua polepole, maji yakichuruzika, kikasimama, kikapinda shingo kama kinachosikiliza. Kisha kikashuka ukingoni mwa pipa, kikapapasa ardhi kushoto, kikapapasa kulia, kikaigusa chupa tupu ya soda. Hakikuikamata kama koleo. Kiliizunguka, mara moja, mara mbili, kwa upole wa mama anayemfunga mtoto mgongoni, kikainyanyua juu bila kuivunja.

Loisi alisimama bila kujua kwamba amesimama. Mikono ilikuwa kinywani.

"Shikamoo, mama," sauti ilitoka nyuma ya pipa. Alikuwa kijana mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na mbele yake kisanduku chenye vitufe na taa ndogondogo. "Usiogope. Haking'ati."

"Marahaba. Kina roho?"

"Hakina. Kina hewa. Ndani ni mipira ya baiskeli, imepangwa mitatu mitatu. Ukijaza huu hewa, kinapinda huku. Ukijaza ule, kinapinda kule. Katikati kuna waya wa chuma unaobeba uzito. Na hiki kisanduku kinakumbuka. Ukikifundisha mwendo mara moja, kinaurudia chenyewe. Ni roboti, mama. Nimeiga mkonga wa tembo."

Hewa tu, Loisi aliwaza. Hata Adamu alikuwa udongo mpaka alipopuliziwa. Mara akashtukia wazo lake, akaogopa kwamba amekufuru, akaomba msamaha kimoyomoyo. Lakini macho hayakutoka kwenye kile kitu.

Kijana yule, mhandisi Octavian, alimsikiliza hadi mwisho, na alimsikiliza akiwa amechuchumaa, jambo ambalo Loisi hakulisahau. Alipomaliza, Octavian alivua miwani akaipangusa.

"Nitakwambia kweli. Kitu hiki hakijawahi kuingia kisimani. Nimekijaribu kwenye pipa tu. Karakana inauzwa kwa mtu binafsi, na wanunuzi wakikiona watakiita takataka. Mimi natafuta kisima kama wewe unavyotafuta mabomba. Ila gari halina mafuta, na ofisi hainipi hata tone."

"Mafuta kiasi gani?"

"Lita kumi."

Alhamisi Loisi alibeba gunia la karanga za mbegu hadi sokoni. Mnunuzi aliingiza mkono, akatoa moja iliyooza, akaionyesha kwa watu kama jino la mgonjwa, akashusha bei. Loisi akakubali. Mbegu za mwaka ule zote ziligeuka dizeli ndani ya dumu la manjano.

Jumamosi saa moja asubuhi vijana wa kamati walifika kabla ya gari. Ili saa sita isiwakute wakibeba, walitoa kitanda, sanduku, mitungi, kabati lenye mlango mmoja, picha ya harusi. Walivipanga uani kwa adabu, na adabu yao ilikuwa mbaya kuliko fujo. Godoro lenye doa liliwekwa juani, kila mpita njia akalisoma. Evodia, binti yao, aliondoa khanga yake akalifunika.

Saa tatu gari likaingia. Octavian alifunga kapi, gurudumu la kupitishia waya, juu ya magogo matatu yaliyosimikwa, akaunganisha mpira wa upepo, akakishusha kile kitu kwa waya. Watoto walikimbia, kisha wakarudi. Wanawake waliokuja na ndoo tupu kutoka mtoni, ambako walikuwa wamefukua mchanga tangu Jumanne kwa kikombe kimoja kimoja, waliketi chini. Mwanahawa alishika kioo, akarusha jua kisimani.

"Mwangaza sawa, mhandisi?"

"Kidogo kushoto. Hapo hapo."

Loisi alilala kifudifudi, akachungulia. Chini kabisa, ndani ya duara la nuru dogo kama sarafu, ile ncha nyeusi ilikuwa inatafuta. Iliugusa ukuta, ikaondoka. Ililigusa bomba, ikatulia. Halafu, pale ambapo nondo ya mumewe ilishindwa siku nne, ikajisukuma taratibu kwenye uwazi mwembamba kati ya bomba na ukuta, ikatokea upande wa pili, ikajizungusha mara tatu. Palikuwa kimya hivi kwamba ilisikika hewa ikipita kwenye mipira, fuu, fuu, kama mtu aliyelala.

"Kimeshika!" Octavian akasema. "Vuteni, taratibu."

Wanaume sita wakavuta, Mazengo mbele. Waya ukakaza. Bomba likapanda kiganja kimoja, viwili, kisha waya ukalegea ghafla na wanaume wakaanguka chali. Kule chini, chuma kikagonga mwamba.

Mara ya pili ikawa vivyo hivyo.

"Kuna grisi," Mazengo alisema, akihema. "Mimi mwenyewe niliyapaka ili yasishike kutu. Kuna na ute."

"Tembo kachoka," alisema Castory, akitazama saa yake. "Na saa sita ni saa sita. Mlevi ameleta mchezo wa mazingaombwe, tumeuona, tumeshukuru."

"Si mlevi."

Ilikuwa sauti ya mzee. Bibi Penina alisimama nyuma ya watu wote, amewapa mgongo, anazungumza akielekea vilimani ili asimwone mkwewe wala mkwewe asimwone yeye.

"Jumanne nilipita hapa na ndoo. Mkwe wangu alikuwa na kamba mkononi. Akanipisha. Hilo ndilo kosa lake lote, kwamba alilelewa. Anayetaka kucheka acheke, mimi niko hapa."

Hakuna aliyecheka. Wanaume watu wazima, kila mmoja mwenye mkwe wake, walitazama chini. Mmoja aliguna tu, "Hata mimi ningepisha." Mazengo alibaki ameushika waya.

Castory alikohoa. Yeye pia alikuwa mkwe wa watu. "Mama, nimekusikia, na neno mlevi nalirudisha. Lakini heshima haijatoa maji. Kamati iliamua mabomba. Zimebaki saa mbili."

Octavian alikuwa amekitoa kile kitu, kimelala juani, ncha yake inang'aa kwa grisi. Alikipangusa kwa shati lake mwenyewe. "Nguvu inayo," alijisemea. "Kuzunguka inazunguka. Mkonga ndivyo unavyofanya."

Loisi alichuchumaa, akapitisha kiganja kwenye ule mpira. Ulikuwa laini, kama shavu. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akasema, kwanza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, tembo ananyanyua gogo kavu. Hapa kuna utelezi. Kwa nini hukuiga ulimi wa ng'ombe?"

"Ulimi?"

"Ng'ombe anakula majani yenye umande. Hayamtoki. Anayazungushia ulimi, kama hivi kitu chako, anavuta. Umewahi kulambwa na ng'ombe?"

"Mimi ni wa mjini, mama."

Watu wakacheka, naye akacheka.

"Nimepika ndimi za sikukuu tangu nikiwa msichana. Ukishauchemsha unauvua ngozi. Ile ngozi ina miiba midogo, yote imelala upande wa koo. Pitisha kidole kwenda ndani, ni laini. Kirudishe nje, inakukwaruza. Kilichoingia hakirudi. Mungu hakuuacha ulimi laini, mwanangu. Aliupa meno."

Octavian alimtazama Loisi, akakitazama kile kitu, akamtazama tena. Kisha akaruka. "Mpira mgumu! Mwenye mpira mgumu ni nani?"

Mazengo alikuwa tayari anavua katambuga zake, ndala alizozikata mwenyewe kwenye tairi la lori. Aliketi chini na kisu cha kuchunia. Hakuhitaji kuelekezwa, mkono uliochuna ng'ombe tangu ujana ulijua miiba ile inakaaje. Alichanja, chanjo ndogo za mshazari, kila moja ikiacha jino lililoinama upande mmoja. Octavian akavisuka vipande vile kwenye ncha kwa waya mwembamba. Kijana wa kamati aliyekuwa ametoa kitanda asubuhi akavua katambuga zake pia, akazisogeza bila kusema kitu.

"Meno yaelekee juu," Loisi alisisitiza. "Bomba likitaka kurudi chini, likute meno."

Ilipata saa sita kasoro robo waliposhusha. Mwanahawa alirusha jua. Loisi akalala tena kifudifudi, na safari hii Octavian hakuhangaika na vitufe. Alibonyeza kimoja tu, akainua mikono. "Mwendo inaukumbuka. Tuiache."

Ikaenda yenyewe. Iliushuka ule uwazi, ikapenya, ikatokea, ikazunguka mara moja, mbili, tatu, bila mtu kuigusa, chini ya ardhi ambako hakuna mkono wa mwanadamu uliowahi kufika. Loisi alifikiri juu ya yule aliyeupanga mwiba mmoja mmoja kwenye ulimi wa mnyama, gizani, tumboni mwa mama yake, bila mchoro wala kisanduku, na asidai shukrani kila ng'ombe alipoinama kula. Alitaka kuomba, akakosa maneno. Akabaki kutazama, na kutazama kwake kukawa ndiko sala.

"Vuteni."

Waya ukakaza. Bomba likateleza kidogo, nusu kiganja, yale meno yakauma, likasimama.

"Limeshika," Mazengo alinong'ona. "Nalisikia kwenye waya. Limeshika kabisa."

Walivuta bila kuimba, kwa woga wa kupumua. Pima moja. Pima tano. Castory alitazama saa, akavua shati jeupe, akalitundika kwenye kabati lililokuwa uani, akashika waya nyuma ya wengine. Pima kumi. Na halafu ile ncha nyeusi ikatokea juani, na ndani ya kumbatio lake kichwa cha bomba, kinachuruzika maji na kutu. Mazengo aliruka na kibanio cha chuma, akakikaza mara tatu, akakijaribu, akakaza tena. Hapo ndipo wanawake walipopiga vigelegele, na Bibi Penina, bado amewapa mgongo, alicheza peke yake akielekea vilimani.

Bomba la kwanza lilifunguliwa, la pili likafuata. Kazi ya kubadilisha ngozi na kuyarudisha yote ingechukua hadi jioni, lakini sasa ilikuwa kazi tu, si msiba. Octavian alikuwa ameketi chini, kile kitu kakilaza mapajani, anayahesabu meno yaliyokatika na kuandika kwenye daftari.

"Mama, wanunuzi wakija nitawaambia huu ni ulimi," alisema. "Mkonga nimeufuta."

Castory alikaribia, kifua wazi, grisi hadi kwenye viwiko. Alimpa Mazengo ufunguo, na Mazengo akaupokea. Hakuna aliyetoa hotuba. Mwenyekiti alisimama kidogo akivitazama vyombo vya watu vilivyotandazwa juani, godoro na khanga yake, picha ya harusi imeegemea mtungi. Akaangaza macho kutafuta vijana wake. Wote walikuwa kwenye kapi. Basi akainama mwenyewe, akashika kitanda upande wa kichwani.

"Mama Evodia, shika huko."

Loisi akashika huko. Walikibeba hadi kizingitini, mwenyekiti akienda kinyumenyume, jasho likimtiririka puani bila mkono wa kulipangusa.

"Kizito hiki kitanda. Mmekitengeneza kwa mti gani?"

"Wewe beba tu, mwenyekiti," Loisi alisema. "Na uinamishe kichwa. Mlango wetu mfupi."

Castory akainama, akaingia.